Damu chini ya mikroskopi: picha za chembe na hemoglobini, na namna zinavyosaidia kuelewa ugonjwa wa SS

Mtoto wa miezi minane anafika hospitali. Mikono na miguu imevimba, macho yamegeuka manjano, analia usiku kucha. Labo inachukua tone la damu, inalifunika kwa kioo, na kesho yake karatasi inarudi na maneno mawili: "Emmel positif." Mama anapewa karatasi, lakini kile ambacho mtu wa labo alikiona kwa jicho lake mama haonyeshwi. Nyumbani majirani nao wana jibu lao: "Mutoto alizaliwa muzima kabisa. Sasa nani alimuloga?"

Makala hii inaeleza picha ile ambayo mama hakuionyeshwa. Inaeleza chembe nyekundu za damu zinazogeuka umbo, molekuli ya hemoglobini iliyo ndani yake, watu waliozipiga picha au kuzichora, na mambo ambayo familia ya Lokandu, Kindu au kwingine Maniema inaweza kujifunza kwao.

Jina lililotoka katika picha

Watu wengi kwetu wanasema tu "SS" ao "anemi SS". Waganga wanasema drepanositozi. Tanzania wanasema selimundu. Majina haya mawili ya mwisho yana maana moja. "Drepanon" ni neno la Kigiriki kwa mundu, kile kisu kilichopinda cha kukatia majani au mavuno. "Selimundu" ni seli yenye umbo la mundu. Ugonjwa huu ulipata jina lake siku mtu alipotazama damu na kuona umbo lisilotarajiwa.

Siku hiyo ilikuwa mwaka 1904, mjini Chicago, Marekani. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, aliyekuwa anasomea kazi ya meno, alifika hospitali akiwa na kikohozi na homa. Munganga kijana aliyeitwa Ernest Irons alitazama damu yake kwa mikroskopi. Chembe nyekundu za kawaida ni za mviringo, zimebonyea katikati pande zote mbili. Zile alizoziona nyingine zilikuwa ndefu, nyembamba, zimepinda kama mwezi mwandamo. Mkubwa wake, James Herrick, alimfuata mgonjwa huyo kwa miaka kadhaa, na mwaka 1910 akachapisha habari hiyo pamoja na picha za damu ile. Ni picha za rangi nyeusi na nyeupe, hazina uzuri wowote wa pekee. Lakini kwa mara ya kwanza katika maandishi ya uganga, kila daktari aliyesoma jarida lile aliweza kuona kitu kilekile.

Ugonjwa wenyewe haukuanza Chicago. Afrika ulikuwa unaua watoto tangu zamani sana, na watu waliujua kwa dalili zake: maumivu ya mifupa, macho ya manjano, damu kupunguka. Kilichoanza mwaka 1910 ni picha.

Tone moja, kioo kimoja

Chembe nyekundu moja ina upana wa karibu mikromita 7 au 8. Ukizipanga kwenye mstari, chembe zipatazo 130 zinajaza milimita moja tu. Katika milimita moja ya mchemraba ya damu ya mtu mzima zimo karibu milioni 5. Kwa jicho tupu haiwezekani kuona hata moja. Kwa mikroskopi ya kawaida ya labo inawezekana, hata pale ambapo umeme haupo na mashine inatumia kioo kidogo cha kuchukulia mwanga wa jua.

Kazi ya kila siku ya mikroskopi katika kituo cha afya ni kutafuta malaria. Mtu wa labo anaweka tone nene la damu kwenye kioo, analikausha, kisha analitia rangi ya Giemsa. Rangi hiyo ina jina la Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1904. Ikiingia katika kimelea cha malaria, sehemu moja inakuwa nyekundu ya zambarau na nyingine buluu. Bila rangi, kimelea kingekuwa karibu sawa na kivuli ndani ya maji. Hivi, hata picha hii ambayo tunaiamini kila siku, na ambayo kwayo mtoto anapewa dawa au ananyimwa, ni picha iliyopakwa rangi kwa makusudi. Rangi hazimo ndani ya damu. Zimewekwa ili jicho lipate pa kushika.

Kipimo cha Emmel kinakwenda kwa njia nyingine. Kina jina la Victor Emmel, Mmarekani aliyeandika juu yake mwaka 1917. Tone la damu linawekwa kati ya vioo viwili na pembeni linazibwa ili hewa isiingie. Chembe zinaendelea kutumia oksijeni kidogo iliyobaki. Inapopunguka, chembe zenye hemoglobini S zinaanza kupinda, moja baada ya nyingine, mbele ya macho ya anayetazama. Labo nyingine zinaongeza metabisulfiti, dawa inayoondoa oksijeni, ili jibu lije haraka.

Katika kazi ile ya zamani waligundua jambo moja la kushangaza. Damu ya baba wa mgonjwa mmoja nayo ilipinda chini ya kioo, wakati baba mwenyewe hakuwa mgonjwa. Jambo hilo ndilo linaloleta mchanganyiko hadi leo. Emmel inasema tu kwamba S imo ndani ya damu. Haisemi kama mtu ana S moja (AS) au mbili (SS). Baba mwenye AS anaweza kuishi mpaka uzee bila kujua. Mtoto mwenye SS ni mgonjwa. Chini ya kioo cha Emmel wote wawili wanaweza kuitwa "positif".

Njo maana karatasi ya Emmel peke yake haitoshi kusema mtoto ni SS, wala haitoshi kumtisha mzazi mwenye AS. Kwa kutofautisha inahitajika elektroforezi, ao kimojawapo cha vipimo vya haraka vya kisasa vinavyoonyesha mistari ya A na S kwenye kikaratasi. Tena, kwa mtoto wa chini ya miezi sita Emmel inaweza kusema "hapana" wakati ugonjwa upo. Na mtoto aliyetoka kutiwa damu ana damu ya mtu mwingine ndani ya mishipa. Jibu lake linaweza kudanganya.

Kitu kidogo kuliko mwanga

Ndani ya chembe nyekundu kuna nini? Karibu yote ni hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafu hadi kila kona ya mwili. Chembe moja ina hemoglobini karibu milioni 270. Ili kupata kipimo: kama hemoglobini moja ingekuwa na ukubwa wa punje ya maharage ya sentimita moja, chembe nyekundu ingekuwa na upana wa zaidi ya mita 12, sawa na nyumba kubwa ya familia iliyojaa maharage hadi dari.

Hapa mikroskopi ya kawaida inashindwa. Si kwamba lenzi ni mbaya. Mwanga wenyewe ni mnene mno. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700, na kwa mikroskopi ya kawaida kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi kinapotea. Hemoglobini ina nanomita 6 tu. Kuitafuta kwa mwanga ni kama kutafuta chumvi kwa kupapasa ukiwa umevaa gunia mikononi.

Kwa hiyo picha zote za hemoglobini ambazo mtu anaziona kitabuni au kwenye simu, zile nyekundu na buluu zenye mikunjo kama utepe, hazikupigwa kwa kamera ya kawaida. Zilihesabiwa kwanza, ndipo zikachorwa.

Namna ya kuhesabu ni hii. Hemoglobini inasafishwa, inaachwa ijipange yenyewe kuwa kristali, kama chumvi inavyojipanga maji yakikauka. Kristali inapigwa na mionzi X, ndugu ya ile ya kupiga radio ya mifupa. Mionzi inatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Kutokana na nafasi na nguvu za madoa hayo, watu wa hesabu wanatafuta kila atomu ilikuwa wapi. Max Perutz, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza, alianza kazi hii juu ya hemoglobini mwaka 1937. Umbo lake la kwanza lilipatikana mwaka 1959 na likachapishwa mwaka 1960: zaidi ya miaka 20 kwa molekuli moja. Mfano wake wa kwanza ulikuwa vipande vya plastiki, vilivyokaushwa kwa moto na kupangwa tabaka juu ya tabaka, vyeupe na vyeusi. Mwenzake John Kendrew alikuwa ametangulia mwaka 1958 na mioglobini, protini ndogo zaidi ya misuli, aliyoitoa kwa nyangumi. Mfano wa kwanza wa Kendrew ulifinyangwa kama udongo na ulifanana na matumbo yaliyojikunja. Mwaka 1962 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Doa moja lililohama

Picha iliyoeleza ugonjwa wa SS, lakini, haikuwa ya kupendeza hata kidogo. Ilikuwa karatasi yenye madoa.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa inatembea kwa mwendo tofauti ndani ya umeme. Huo ndio msingi wa elektroforezi inayofanywa mpaka leo. Walikuwa wa kwanza kusema kwamba ugonjwa mzima unaweza kutoka katika molekuli moja. Mwaka huohuo, James Neel huko Marekani na E. A. Beet, munganga aliyekuwa anafanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zambia, kila mmoja kivyake, walieleza namna ugonjwa unavyotoka kwa wazazi wote wawili.

Mwaka 1956 Vernon Ingram, katika maabara ileile ya Cambridge aliyokuwemo Perutz, aliikata hemoglobini vipandevipande na kuvitandaza juu ya karatasi. Kila kipande kilifanya doa lake. Alifanya karatasi moja kwa hemoglobini A na nyingine kwa hemoglobini S, akaziweka pamoja. Madoa yote yalifanana isipokuwa moja, ambalo lilikuwa limehama. Alipolichunguza zaidi alikuta kosa lenyewe. Hemoglobini ni minyororo minne yenye jumla ya viungo 574 vinavyoitwa amino asidi. Katika kila mnyororo wa aina ya beta, kiungo cha sita kimebadilishwa: panapotakiwa asidi glutamiki pamekaa valini. Kwa kuwa minyororo ya beta ni miwili, viungo vilivyobadilika ni viwili kwa 574.

Kosa hilo dogo linafanya kazi namna gani? Valini haipendi maji, kama mafuta. Hemoglobini S ikishaacha oksijeni yake, mahali penye valini panatafuta shimo dogo kwenye hemoglobini ya jirani, panaingia humo na kushikamana. Jirani anashika jirani mwingine, mpaka inafanyika kamba yenye nyuzi 14 zilizosokotwa. Kamba nyingi zikijaa ndani ya chembe, zinaisukuma ukuta kutoka ndani, nayo inakuwa ndefu na kupinda. Chembe laini inapita katika mshipa mwembamba kama mtumbwi katika kijito. Iliyopinda na kukauka inakwama, nyingine zinajazana nyuma yake, sehemu ya mwili inakosa hewa. Yale ndiyo maumivu. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku 120 hivi. Ile ya SS inaishi siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu damu inapunguka, na ndiyo sababu macho yanageuka manjano: ni rangi inayobaki chembe zikivunjika.

Mkono wa mchoraji

Hesabu za Perutz na Kendrew zilikuwa namba na waya. Ili wengine waelewe ilibidi mtu achore. Mwaka 1961 jarida moja la sayansi la Marekani lilimpa kazi hiyo Irving Geis, mchoraji aliyekuwa amesomea arkitektura. Alichora mioglobini kwa rangi za maji, atomu kwa atomu, na kazi ikachukua miezi sita. Ilibidi abuni mwanga, maana ndani ya molekuli hakuna jua. Aliuweka mwanga katikati, pale penye chuma, ili jicho liende kwanza pale oksijeni inapokaa. Pengine alisogeza kiungo kidogo ili kisifiche kingine. Hakufanya hivyo ili kudanganya. Fundi anayechora nyumba naye anaondoa ukuta mmoja ili vyumba vionekane. Baadaye Geis alichora pia hemoglobini na ile ya SS.

Mwaka 1981 Jane Richardson, pia wa Marekani, alichapisha namna nyepesi zaidi: minyororo ya protini ikichorwa kama utepe, pengine umejisokota, pengine umenyooka kama mshale. Alichora kwa mkono, kwa penseli na rangi. Leo kompyuta zote za dunia zinachora protini kwa namna yake, hata wengi wanafikiri protini kweli ni utepe. Utepe haupo. Ni njia ya kufuata mnyororo kwa jicho, sawa vile mstari wa buluu kwenye ramani unavyofuata mto Lualaba.

David Goodsell, ambaye ni mwanasayansi na mchoraji, alichagua jambo jingine. Anachora kwa rangi za maji ndani ya chembe nzima, na protini zote zikiwa mahali pake kwa ukubwa wake sahihi. Mtu anayeitazama kazi yake anashangaa kwanza kwa msongamano. Vitabu vya shule vinaonyesha chembe kama sahani yenye vitu vichache vinavyoelea. Kwake inafanana na soko siku ya soko. Mwaka 2014, wakati Ebola inaua watu Afrika Magharibi, alichora pia kirusi hicho kwa namna ileile.

Mchongaji Julian Voss-Andreae yeye alitumia chuma. Mwaka 2005 sanamu yake ya hemoglobini, yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, iliwekwa nje mjini Lake Oswego, Marekani, ikiwa inang'aa. Hakuipaka rangi ya kuikinga. Mvua na hewa viliishika, ikaanza kupata kutu na kuwa nyekundu. Katika hemoglobini pia ni chuma kinachokutana na oksijeni, na damu inapata wekundu wake. Mwilini, lakini, chuma hakipati kutu: oksijeni inashikwa kisha inaachiwa tena.

Picha ya maumivu

Wote hao walichora ugonjwa kwa nje. Hertz Nazaire aliuchora kwa ndani. Alizaliwa Haiti, akaishi Marekani, na alikuwa mgonjwa wa SS. Katika picha zake chembe zilizopinda zimo, nyekundu na kali, lakini zimo pamoja na nyuso za watu wanaolia au waliojikunja. Kazi yake moja inayojulikana inazungumzia ile namba ya 1 hadi 10 ambayo wauguzi wanamtaka mgonjwa aseme ili kupima maumivu. Nazaire alionyesha kwamba 10 ya mgonjwa wa SS haitoshi kwenye namba. Alifariki mwaka 2021. Picha zake zimetumika na mashirika ya wagonjwa katika nchi mbalimbali, kwa sababu zinasema kitu ambacho mikroskopi haiwezi kukisema.

Kile ambacho picha inajibu nyumbani

Turudi kwa yule mtoto wa miezi minane. Alizaliwa mzima kweli. Majirani hawakusema uongo. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini nyingine, inayoitwa F, ambayo haina mnyororo wa beta, kwa hiyo kosa la S halimo. Baada ya kuzaliwa, F inapunguka pole pole na S inachukua nafasi yake. Ndiyo maana dalili nyingi zinaanza kuonekana karibu na miezi sita, mara nyingi kwa uvimbe wa mikono na miguu. Kwa familia inaonekana kama mkono wa mtu: mtoto alikuwa sawa, kisha mgeni fulani alipita, kisha mtoto akabadilika. Kwa kweli hakuna aliyepita. Ni hemoglobini moja iliyoondoka na nyingine iliyoingia, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa tangu siku mimba iliposhika.

Swali la pili linalovunja nyumba nyingi ni: "Ilitoka kwa nani?" Jibu ni kwa wote wawili. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Mama peke yake hawezi kumzaa. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kuwa SS, mbili kwa nne kuwa AS, na moja kwa nne kuwa AA. Hesabu hii inaanza upya kwa kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa SS haimaanishi watatu wanaofuata wamepona, wala watoto watatu wazima hawamlindi wa nne.

S ni nyingi sana kwetu, na sababu yake inajulikana. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba AS ni wengi pwani na kando ya ziwa, kwenye mbu, na ni wachache milimani. Mwaka 1954 alichapisha uthibitisho kwamba watoto wa AS wanalindwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Hivyo S ilidumu katika nchi za malaria kizazi baada ya kizazi. Lakini ulinzi huo ni wa AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wengine. Kusema "wa SS hawashikwi na palu" ni kosa linaloua.

Congo ni kati ya nchi zinazobeba mzigo mkubwa zaidi duniani. Makadirio ya mwaka 2010 yalitaja karibu watoto 40 000 wanaozaliwa na SS kila mwaka katika nchi yetu. Kinshasa, timu ya Profesa Léon Tshilolo ilipima watoto wachanga zaidi ya 31 000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha 1,4% walikuwa SS na 16,9% walikuwa AS.

Kutoka picha hadi dawa

Kuona umbo la hemoglobini hakukuleta dawa mara moja. Dawa inayosaidia zaidi leo, idroksiure, inafanya mwili utengeneze tena hemoglobini F, ile ya tumboni, na F inazuia kamba zisifanyike. Kwa miaka mingi waganga waliogopa kuitumia Afrika, wakifikiri itawadhuru watoto wenye malaria na chakula kidogo. Utafiti ulioitwa REACH uliitumia kwa watoto 606 katika miji minne: Kinshasa, Luanda ya Angola, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kutiwa damu na vifo vyote vilipungua. Profesa Tshilolo alikuwa mwandishi wa kwanza.

Dawa nyingine, voxelotor, ilibuniwa kwa kufuata umbo lenyewe la hemoglobini. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2019, ikaondolewa sokoni mwaka 2024 baada ya takwimu kuleta wasiwasi juu ya vifo na mashambulio ya maumivu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha jeni. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Picha nzuri, basi, ni mwanzo tu. Kati yake na mtoto kuna majaribio, bei na barabara.

Ukiona picha ya chembe, uliza

Katika simu zinapita picha nyingi za damu na virusi, nyingine zikiuza dawa za kudanganya. Maswali matatu yanatosha kuanzia.

*Ni ya mikroskopi gani?* Ya mwanga inaonyesha chembe na kimelea cha malaria, lakini haionyeshi protini wala virusi kama vya Ebola. Picha ya kwanza ya kirusi cha Ebola, kile kinachopinda kama fimbo ya mchungaji, ilipigwa mwaka 1976 na Frederick Murphy huko Marekani kwa mikroskopi ya elektroni, kutokana na damu iliyotoka Congo wakati wa ugonjwa wa Yambuku.

*Rangi zimetoka wapi?* Mikroskopi ya elektroni inatoa nyeusi na nyeupe tu. Wekundu wa chembe katika picha hizo umetiwa baadaye. Ile mipira ya kijivu yenye miiba myekundu ya Covid, ambayo kila mtu aliiona mwaka 2020, ilitengenezwa kwa kompyuta na wachoraji wawili wa afya ya umma wa Marekani.

*Nani anaweza kuihakikisha?* Maumbo ya protini yamewekwa wazi katika hifadhi ya dunia iliyoanzishwa mwaka 1971, bila malipo. Mwalimu wa biolojia mwenye intaneti akiandika 2HBS humo, anapata hemoglobini S yenyewe, zikiwa zimeshikana, na anaweza kuizungusha mbele ya wanafunzi. Anayesema "nimeona ugonjwa wako kwenye mashine" bila kueleza ni mashine gani na kipimo gani, aulizwe.

Ya kukumbuka kwa familia

– Emmel chanya si mwisho wa uchunguzi. Kuulizia elektroforezi ao kipimo cha haraka cha A na S.

– Wachumba wapimwe wote wawili kabla ya ndoa. AS si ugonjwa, ni habari ya kujua mapema.

– Mtoto wa SS anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua kila usiku, apate chanjo zote, na penisilini kila siku mpaka miaka mitano kama munganga alivyoandika.

– Homa kwa mtoto wa SS ni haraka: hospitali siku ileile. Vilevile kupauka kwa ghafla, tumbo la kushoto kuvimba, kupumua kwa shida, au mkono na mguu wa upande mmoja kukosa nguvu.

– Anayemwombea mtoto amwombee, lakini dawa zisiachwe. Na mtoto asiitwe mlozi, wala asisemwe amelogwa.

Tarehe 19 Juni ya kila mwaka ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Lakini labo yenye mikroskopi haihitaji kungoja tarehe hiyo. Mzazi anaweza kumuomba mtu wa labo, kwa heshima, amruhusu aweke jicho lake kwenye lenzi kwa dakika moja na kuona damu ya mtoto wake inavyopinda.